Kwa nini mashabiki wa Star Trek waliishangilia filamu ya 2009, wakaikasirikia ya 2013

Usiku wa tarehe 6 Aprili 2009, ukumbi wa sinema wa Alamo Drafthouse mjini Austin, Texas, ulijaa watu waliokuja kutazama filamu ya zamani ya Star Trek, hadithi ya kubuni ya wafanyakazi wa meli ya anga za juu, ile ya 1982 iitwayo The Wrath of Khan. Walikuwa wameahidiwa pia kuonjeshwa dakika kumi za filamu mpya iliyokuwa njiani. Mkanda ukaanza, ukaenda kidogo, kisha picha ikaanza kuungua na kuyeyuka kwenye skrini. Watu wakiwa bado wanashangaa, mbele yao akatokea Leonard Nimoy, yule aliyemwigiza Spock tangu 1966, akawauliza kama wasingependa kuiona filamu mpya yote, sasa hivi. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Waliiona kabla ya uzinduzi rasmi wa Sydney, Australia, na habari zilizotoka ukumbini usiku ule zilikuwa za furaha tupu.

Agosti 2013, mashabiki wa aina ileile walikusanyika Las Vegas kwenye kongamano lao. Katika kikao kimoja walizipanga filamu zote za Star Trek kuanzia iliyo bora hadi iliyo mbovu, na iliyoshika mkia ilikuwa Star Trek Into Darkness, sehemu ya pili ya kazi iliyoshangiliwa kule Austin, iliyokuwa na miezi mitatu tu tangu itoke. Simon Pegg, anayemwigiza fundi mitambo Scotty, alipoulizwa juu ya kura hiyo aliwajibu kwa matusi. Ni kweli kwamba kura ile ilipigwa na waliokuwemo ukumbini siku ile, na haiwezi kuwasemea mamilioni. Lakini manung'uniko yalikuwa yameenea mbali zaidi ya Las Vegas. Filamu hiyohiyo iliingiza takriban dola milioni 467 duniani, nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya Star Trek, na wahakiki wengi waliisifu.

Maelezo ya haraka yanayotolewa kila mara ni kwamba mashabiki lialia hawaridhiki, na kila kipya kwao ni haramu. Siyakubali. Muongozaji alikuwa yuleyule, J.J. Abrams. Waigizaji walikuwa walewale: Chris Pine kama Kapteni Kirk, Zachary Quinto kama Spock, Zoe Saldana kama Uhura. Meli ilikuwa ileile. Kama upya wenyewe ndio ungekuwa kosa, moto ungewaka 2009. Hicho tunachokiita kwa jumla hasira ya mashabiki ni malalamiko kadhaa yaliyofungwa furushi moja, na ukilifungua furushi unaona kwamba baadhi yana hoja nzito na baadhi hayana.

Lakini kwanza, kwa nini studio iliamua kuanza upya? Star Trek ilianza kama tamthilia ya televisheni ya NBC tarehe 8 Septemba 1966, ikiwa kazi ya Gene Roddenberry. Ilidumu misimu mitatu na vipindi 79. Msimu wa tatu ulipatikana baada ya mashabiki kuifurikia NBC kwa barua wakiomba isifutwe. Mwaka 1976 wakaandika tena, safari hii kwa Rais Gerald Ford, na chombo cha kwanza cha aina ya shuttle cha NASA kikapewa jina la meli yao, Enterprise. Kwa hiyo tunazungumzia watu waliojifunza mapema kwamba wakipaza sauti wanasikilizwa. Wao ndio walioiweka hai hadithi hii katika miaka ambayo studio ilikuwa imeitupa, na hilo linaeleza kwa nini hadi leo wanazungumza kama wenye mali badala ya wanunuzi wa tiketi.

Filamu kumi zilitoka kati ya 1979 na 2002. Ya kumi, Nemesis, iligharimu takriban dola milioni 60 na kuingiza milioni 67 dunia nzima, hesabu ambayo kwa Hollywood ni hasara, kwani kumbi za sinema nazo huchukua fungu lao na matangazo yana gharama zake. Mwaka 2005 tamthilia ya mwisho iliyokuwa hewani ikakatwa, na kwa mara ya kwanza tangu 1987 televisheni ikabaki bila kipindi kipya cha Star Trek. Wakati huo vipindi vilikuwa vimeshapita 700. Mtu mgeni angeanzia wapi? Studio ya Paramount ilitaka filamu ambayo kijana asiyejua lolote angeweza kuingia, kukaa na kuielewa, na iliipa kazi hiyo bajeti ya dola milioni 150.

Hapa ndipo pana ufundi ambao kwa maoni yangu haujasifiwa vya kutosha. Anayeanza upya ana njia mbili za kawaida. Anaweza kujifanya kwamba yaliyotangulia hayakuwahi kuwepo, au anaweza kuendelea pale yalipoishia na kubeba mzigo wote wa historia. Waandishi Roberto Orci na Alex Kurtzman waliikwepa njia ya kwanza na ya pili. Katika hadithi yao, Mromulan (mmoja wa viumbe wa sayari nyingine) aitwaye Nero anatoka mwaka 2387, anapita kwenye shimo jeusi na kuibukia 2233, siku anayozaliwa James Kirk. Anaishambulia meli ya Kelvin na baba yake Kirk anakufa. Kuanzia dakika hiyo mkondo wa wakati unajigawa. Yote tuliyoyatazama tangu 1966 yanabaki yametokea kwenye mkondo wake, na haya mapya yanatokea kwenye mkondo wa pili.

Mgeni haimhusu sana hesabu hiyo. Kwa shabiki ilikuwa kila kitu, na ikapewa shahidi: Spock mzee, aliyeigizwa na Nimoy mwenyewe, anavuka kutoka mkondo wa kwanza akiwa na kumbukumbu zake zote. Anapomwona Kirk kijana kwenye pango lenye barafu anamtambua papo hapo na kumwita rafiki. Kirk hamjui hata kidogo. Kwa mgeni ni tukio la ajabu lenye kuchekesha kidogo. Aliyewafuata wawili hao kwa miaka 40 aliambiwa jambo zito, kwamba urafiki ule ulikuwepo na bado upo mtu anayeukumbuka. Alipewa mapya bila kunyang'anywa ya zamani.

Waliowahi kuwasikiliza wazee wakati bendi ya vijana inapourudia wimbo wa zilipendwa wataielewa hali hii. Wazee hawagombi kwamba gitaa limebadilishwa. Ugomvi huanza pale mstari uliowatoa machozi mwaka ule unapoimbwa na mtu anayeonekana hajui maneno yake yanasema nini.

Ili kuona njia nyingine ilivyokuwa, tazama Star Wars. Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni inayozitengeneza filamu hizo, ikiwa tayari chini ya Disney, ilitangaza kwamba riwaya na vitabu vya katuni vya miaka mingi havitahesabiwa tena kuwa sehemu ya historia rasmi, na vitaendelea kuuzwa kwa jina la Legends. Kibiashara uamuzi huo unaeleweka, maana huwezi kutengeneza filamu mpya huku umefungwa mikono na riwaya lukuki. Lakini wasomaji waliowalea wahusika wale kwa miongo walihisi wamefiwa, na hapakuwa na Spock mzee wa kuwaambia kwamba yale yalitokea kweli.

Turudi 2009, kwa sababu hata mwaka ule si wote waliocheka. Yapo yaliyowachoma. Sayari ya Vulcan, kwao Spock, inamezwa pamoja na karibu wakazi wake wote bilioni sita, na wengine waliona ni gharama kubwa mno kwa ajili ya kumpa kijana machungu. Kirk anatoka kuwa mwanafunzi mwenye kesi ya udanganyifu hadi kuwa kapteni wa Enterprise ndani ya filamu moja. Chumba cha injini kilipigwa picha katika kiwanda cha bia huko Van Nuys, Los Angeles, na mtu aliyezizoea injini safi zenye mwanga wa buluu aliyaona mapipa na mabomba ya bia waziwazi. Miale ya taa ilimulika kamera kila tukio hadi Abrams mwenyewe baadaye akakiri kwamba alizidisha. Haya yote yalisemwa, yakachekwa na kusamehewa. Filamu iliingiza takriban dola milioni 385 na kuipa Star Trek Oscar yake ya kwanza, ya vipodozi vya uigizaji.

Lalamiko zito zaidi la wakati ule lilihusu roho ya hadithi. Star Trek ya zamani ilikuwa na watu wanaokaa mezani kubishana kama ni haki kuingilia maisha ya sayari nyingine, na hii mpya ilikuwa na mbio, ngumi na milipuko. Lipo tukio linaloutia nguvu wasiwasi huo: mwaka 2013 Abrams alimwambia Jon Stewart kwenye kipindi chake cha televisheni kwamba utotoni hakuwahi kuipenda Star Trek, aliiona ina falsafa nyingi mno. Wengi waliposikia hivyo walisema, basi, tulijua. Kwangu mimi hoja hii haifiki mbali. Nicholas Meyer, aliyeongoza The Wrath of Khan, naye hakuwa mtazamaji wa Star Trek kabla ya kupewa kazi, na filamu yake ndiyo ambayo mashabiki wengi huiweka ya kwanza. Mgeni anaweza kuipenda nyumba kuliko waliozaliwa humo, ilimradi aingie akitaka kuijua.

Ndiyo maana kilichofuata kiliuma. Wakati Into Darkness inatengenezwa, kila mtu alihisi kwamba adui wa sehemu ya pili angekuwa Khan Noonien Singh, mtu aliyeboreshwa kwa uhandisi wa jeni, aliyeonekana kwanza kwenye televisheni mwaka 1967 na kurudi katika filamu ya 1982. Watengenezaji wakakana. Wakasema mhusika wa mwigizaji Mwingereza Benedict Cumberbatch anaitwa John Harrison, na waigizaji nao wakaimba wimbo huohuo kwenye mahojiano. Filamu ikatoka, na katikati yake Harrison anasema jina lake ni Khan.

Itazame sehemu hiyo kwa makini, maana kasoro yote imo humo. Amefungwa ndani ya chumba cha vioo. Mbele yake wamesimama Kirk na Spock. Anatamka jina lake kwa uzito mkubwa, kamera inamkaribia, muziki unabadilika. Na Kirk na Spock hawana la kushtukia, kwa sababu katika mkondo wao hawajawahi kulisikia jina hilo. Tamko lile haliwahusu wao. Linamhusu aliyekaa kwenye kiti cha sinema akiikumbuka filamu nyingine. Baadaye inabidi Spock kijana ampigie Spock mzee kumuuliza Khan ni nani, na Nimoy, aliyekuwa shahidi wa urafiki mwaka 2009, sasa anatumika kututangazia kwamba tumwogope huyu jamaa.

Kisha linakuja tukio la kifo. Mwaka 1982 Spock aliingia kwenye chumba chenye mionzi kuiokoa meli, akafa huku kioo kikimtenganisha na Kirk. Watazamaji walikuwa na wawili hao kwa miaka 16. Habari za kifo hicho zilikuwa zimevuja kabla ya filamu kutoka na kuzua ghadhabu, hata Meyer akaanza filamu kwa zoezi la mafunzo ambamo Spock anajifanya amekufa, ili watu wapumue wakidhani uvumi umeishia hapo. Kilipokuja kifo chenyewe kiliwakuta hawakujiandaa. Into Darkness ililirudia tukio hilo ikiwa imebadilisha nafasi: Kirk ndani, Spock nje, kiganja kwa kiganja kwenye kioo, hadi Spock akapiga ukelele wa jina la Khan ambao katika filamu ya 1982 ulikuwa wa Kirk. Lakini Kirk huyu na Spock huyu wamefahamiana muda mfupi, na muda mwingi katika huo wamegombana. Na baada ya dakika chache damu ya Khan inamfufua Kirk. Mwaka 1982 watazamaji walisubiri miaka miwili na filamu nzima kumpata Spock wao.

Mkondo mpya ulibuniwa mahususi ili waandishi wawe huru kwenda wanakotaka. Wakiwa na uhuru huo wote, wakarudi kunakili ukurasa mashuhuri kuliko zote katika kitabu cha zamani. Huo ndio ulikuwa uchungu wa mashabiki, na naona walikuwa na haki nao kabisa. Mwishoni mwa 2013 Abrams alikubali kwamba kulificha jina la Khan hakukuwa uamuzi mzuri. Damon Lindelof, mmoja wa waandishi wa filamu hiyo, naye aliomba radhi kwa tukio linalomwonyesha mwanasayansi wa kike akiwa na nguo za ndani bila sababu yoyote ya kihadithi.

Lalamiko la rangi ni jingine, na si vyema kulichanganya na hayo. Khan ni jina la mtu wa asili ya Bara Hindi. Wa kwanza kumwigiza alikuwa Ricardo Montalbán, Mmeksiko, kwa hiyo hata wakati ule hawakumpa Mhindi. Ila mwaka 2013 nafasi moja adimu ya mtu asiye mzungu, mwenye akili na nguvu kuliko wote waliomo, alipewa Mwingereza mweupe. Katika hadithi ambayo tangu mwanzo ilijivunia kuweka kila taifa kwenye sitaha moja, jambo hilo halikuweza kupita kimya.

Na hapo lazima nimtaje Uhura, ambaye msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kumfuatilia. Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kuhusu Kenya chenye neno Uhuru kwenye jalada, na jina la mhusika likatokana na hapo. Katika kipindi kimoja cha 1967 Uhura anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya anazungumza Kiswahili. Alisimulia pia jinsi alivyotaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King akamsihi abaki, kwa kuwa watoto weusi walikuwa wanamwona. Pamoja na heshima hiyo yote, kwenye vipindi vingi alipewa kukaa kwenye mitambo ya mawasiliano na kusema mistari michache.

Filamu ya 2009 ilimfanyia mambo mawili. Ilimpa jina la kwanza, Nyota. Jina hilo lilikuwa limechapishwa mwaka 1982 na kuzunguka miongoni mwa mashabiki kwa miaka bila kutamkwa hata mara moja kwenye skrini. Kirk anahangaika kulijua, na analijua pale Spock anapomshukuru Uhura akimwita Nyota. Hapo studio ilichukua kitu kilichotunzwa na mashabiki na kukifanya rasmi, na walikifurahia. Jambo la pili lilizua ubishi: Uhura na Spock ni wapenzi. Baadhi walilalamika kwamba mwanamke huyu amegeuzwa mchumba wa mtu. Wanawake weusi wengi miongoni mwa mashabiki wakajibu kwamba kwa miongo minne Uhura hakuwahi kuandikwa kama mtu wa kupendwa, na kwamba kumwona akichaguliwa na mhusika anayependwa kuliko wote si dharau hata kidogo. Hoja hii ya pili naiona ina uzito zaidi, hasa kwa kuwa filamu inamwonyesha pia akiwa hodari wa lugha kuliko wenzake wote darasani.

Ubishi wa aina hiyo ulijitokeza tena 2016 na Star Trek Beyond, iliyoongozwa na Justin Lin. Iliamuliwa kwamba Sulu, rubani wa Enterprise, sasa akiigizwa na John Cho, aonekane na mume na binti. Ilikusudiwa iwe heshima kwa George Takei, Sulu wa kwanza, ambaye maishani ni shoga na ni mtetezi wa haki hizo. Takei akasema hakufurahi, kwamba Roddenberry hakumbuni Sulu hivyo na ingefaa kubuni mhusika mpya. Pegg, ambaye safari hii alikuwa mmoja wa waandishi, akamjibu kwa adabu kwamba hakubaliani naye. Ukiona hata mwigizaji wa kwanza na mwandishi wa sasa hawakubaliani ni nini kumheshimu mhusika, utaacha kutarajia sauti moja kutoka kwa mashabiki.

Wakati huohuo uhusiano na studio ulikuwa umechacha kwa sababu nyingine. Mashabiki wamekuwa wakitengeneza filamu zao ndogo za Star Trek kwa miaka mingi. Moja, iitwayo Axanar, ilichangiwa zaidi ya dola milioni moja, na Desemba 2015 Paramount na kampuni ya televisheni ya CBS wakaishtaki. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano Januari 2017, lakini katikati yake, Juni 2016, studio zilitoa masharti: filamu ya shabiki isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla. Kisheria mali ni yao. Waliotunza hadithi hii tangu enzi za barua kwa NBC waliona mlango umefungwa usoni mwao. Beyond yenyewe, ambayo wengi waliisifu kwa kuwarudishia roho ya zamani, iliingiza takriban dola milioni 343 kwa bajeti ya 185, na filamu ya nne imetangazwa zaidi ya mara moja bila kutengenezwa.

Swali la Khan limerudi kwenye televisheni. Kipindi cha 1967 kilisema alitawala zaidi ya robo ya dunia katika miaka ya 1990, miaka ambayo ilikuja ikapita na dunia haikumwona. Mwaka 2023 tamthilia ya Strange New Worlds, ambayo nayo ina Spock na Uhura wapya lakini inadai kubaki kwenye mkondo wa kwanza, ilieleza kwamba wasafiri wa wakati wameyavuruga mambo hadi kuzaliwa kwake kukasogezwa mbele. Khan tunayeonyeshwa humo ni mtoto mdogo aliyeketi chumbani mwake Toronto. Wapo mashabiki waliofurahi kwamba tundu la miaka mingi limezibwa. Wapo wanaosema kama historia inaweza kusogezwa hivyo, basi hata ule mkondo waliohakikishiwa mwaka 2009 kwamba haujaguswa, umeguswa.